Ruta isiyozima umeme ukikatika: nilivyoitengenezea akiba kwa seli za betri kuukuu za laptopu

Ruta ya nyumbani inakula umeme kidogo kuliko balbu nyingi za sebuleni, lakini Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha usiku ndiyo ya kwanza kuzima, na ukirudi umeme inachukua dakika mbili tatu kujipanga upya. Nilitaka kitu cha kuishikilia saa nne bila inveta. Inveta hupandisha 12V hadi 240V, kisha adapta inaushusha umeme uleule kurudi 12V. Kwa mzigo mdogo kama huu, inveta peke yake inaweza kula sawa na ruta yenyewe.

Kabla ya kununua chochote nilipima mambo mawili. La kwanza, je, intaneti ipo kweli wakati mtaa mzima hauna umeme? Kwenye nyumba za ghorofa mara nyingi kuna kisanduku cha kugawa mtandao kwenye ngazi, nacho kinategemea umeme uleule. Kikizima, ruta yako itawaka taa zote na usipate kitu. Subiri umeme ukatike, azima betri yoyote ya 12V, uone kama mtandao unafika. Mimi ulifika.

La pili ni mzigo halisi. Adapta ya ruta imeandikwa 12V 1A, lakini hiyo ni dari ya adapta, si ulaji wa ruta. Nilikata waya mmoja wa adapta nikapitisha umeme ndani ya multimita, waya mwekundu ukiwa kwenye tundu la 10A. Ilisoma kati ya 0.42 na 0.48. Nikachukua 0.46A, mara 12, yaani wati 5.5. Namba hii ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata, kwa hiyo usiikisie.

Seli nilizipata kwa fundi wa laptopu mjini, pakiti mbili zilizokufa za seli sita sita. Pakiti ya namna hii hupangwa jozi tatu kwa mfululizo, na kwa kawaida ikifa, jozi moja ndiyo imeoza huku nyingine zikiwa bado na maisha. Usivutiwe na seli mpya za barabarani zilizoandikwa 9,900mAh. Seli halisi ya ukubwa wa 18650 huishia karibu na 3,500, na ina uzito wa gramu 45 hivi. Ya bandia mara nyingi ni nyepesi, utaihisi hata kwa kiganja, na mizani ya jikoni itakuhakikishia.

Kufungua pakiti ndipo watu hujiumiza. Nilipenyeza kipande cha plastiki ngumu kwenye mshono wa kasha, si bisibisi, maana bisibisi ikitoboa ganda la seli umepata moto mezani. Bamba za nikeli nilizikata moja baada ya nyingine, na kila ncha niliyokata niliifunika kwa tepu ya umeme kabla ya kugusa inayofuata, kwa sababu mkasi ukigusa chanya na hasi kwa pamoja hucheua cheche. Vipande vya nikeli usiving'oe kwenye seli. Acha vimeshikilia, maana utachomelea juu yake badala ya kuchomelea kwenye seli yenyewe. Joto refu huharibu seli, na hapo solda ya wati 60 ikigusa sekunde mbili ni salama kuliko ya wati 25 inayong'ang'ania sekunde kumi.

Kisha mchujo. Seli yoyote iliyosoma chini ya 2V niliitenga bila majadiliano. Ikishuka sana, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka, na ukiichaji tena shaba hiyo inaweza kujenga njia ya mkato baadaye, wakati umelala. Zilizobaki nilizichaji moja moja hadi 4.2V nikizigusa kila baada ya muda. Iliyopata joto wakati wa kuchaji ilitoka. Nikaziacha wiki moja bila kuzigusa. Zilizobaki juu ya 4.1V zilipita, na iliyoshuka chini ya 4.0V inavuja ndani, haifai.

Kupima ujazo hakuhitaji mashine. Nilitumia rezista ya omu 4.7 yenye uwezo wa wati 5, nikaiunganisha kwenye seli iliyojaa na kutazama saa mpaka voliti iguse 3.0. Wastani wa mkondo ni 0.78A, hivyo seli iliyokaa saa mbili na nusu ina takriban 1,950mAh. Rezista inachoma vidole, iweke juu ya kigae. Baada ya saa ya pili tazama kila dakika tano, kwa sababu mwishoni voliti haishuki taratibu, inaporomoka. Kati ya seli kumi na mbili, saba zilipita. Nilichukua nne zilizokaribiana zaidi.

Hizo nne niliziunganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, baada ya kuhakikisha zote zimejaa na hazitofautiani zaidi ya 0.05V. Ukiunganisha iliyojaa na iliyo tupu, iliyojaa inaimwagia mwenzake ampea kadhaa kwa mkupuo, na hakuna chochote katikati cha kuuzuia mkondo huo. Kwenye waya wa chanya unaotoka nikaweka fyuzi ya 5A.

Hesabu: seli 4, mara 1.95Ah, mara 3.7V, ni takriban 29Wh. Toa asilimia 15 zinazopotea kwenye kupandisha voliti na kidogo kwenye dayodi (kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu), zinabaki kama 24. Gawanya kwa wati 5.5, unapata saa nne na robo hivi.

Sasa sehemu niliyoikosea mwanzo, na ambayo michoro mingi inayozunguka inaikosea pia. Bodi ya kuchajia ni TP4056, na ya kupandisha voliti ni MT3608. Zote ni za bei ndogo, unazipata kwa wauza vipuri vya elektroniki mjini. Mchoro wa kawaida unasema: chaja ya simu iingie TP4056, itoke kwenye MT3608, iende kwenye ruta, basi. Inafanya kazi saa kadhaa, halafu ruta inazima huku umeme upo! Sababu ni hii: TP4056 inatoa 1A, yaani kama wati 4 tu kwenye betri, na ruta inavuta zaidi ya wati 6 ukihesabu hasara. Betri inapungua hata ikiwa kwenye chaja. Isitoshe, TP4056 hujua seli zimejaa kwa kuona mkondo umeshuka hadi sehemu ya kumi, yaani 0.1A. Ruta ikiwa inanyonya muda wote, mkondo haushuki, na taa ya bluu haiwaki kamwe.

Dawa ni kuitoa ruta kwenye betri wakati umeme upo. Adapta ya asili ya ruta inabaki kazini, waya wake wa chanya ukipita kwenye dayodi ya 1N5822. Chanya ya MT3608 nayo inapita kwenye dayodi yake ya aina hiyo hiyo. Ncha mbili zenye mstari zinakutana, na hapo ndipo ruta inapochukulia. Hasi zote zinaungana. Adapta yangu inasoma 12.2V, na MT3608 nimeiweka 11.4V. Umeme ukiwepo, upande wa adapta uko juu, kwa hiyo dayodi ya betri imefungwa na seli zinachajiwa kwa utulivu kutoka chaja ya simu ya 5V iliyo kwenye ekstensheni ileile. Umeme ukikatika, dayodi ya betri inafunguka yenyewe na ruta inapata kama 11.1V. Haina hata muda wa kushtuka.

Fundi mmoja alinishauri dayodi za 1N4007 kwa kuwa zimejaa kila duka. Nilizijaribu. Zinakula kati ya 0.7V na 0.9V badala ya 0.3V hivi, na ruta ikawa inajizima na kuwaka kila watu wengi wakiunganisha simu. Ukizikosa 1N5822, hata 1N5819 inatosha kwa ruta ya nusu ampea.

Bodi ya TP4056 zipo za aina mbili na zinafanana sana. Unayoitaka ina sehemu mbili za betri, B+ na B−, na nyingine mbili za kutoka, OUT+ na OUT−. Isiyo na OUT haina ulinzi wa kukata betri ikishuka. Waya wa hasi wa MT3608 uende OUT−, si B−. Ukiupeleka B− kila kitu kitawaka vizuri, ila ulinzi umeupita pembeni, na seli zitanyonywa mpaka zife. Jambo jingine linalowatisha watu: ukimaliza kuchomelea betri, OUT inaweza kusoma sifuri. Bodi haijafa. Chomeka chaja ya simu sekunde moja na ulinzi utafunguka.

MT3608 irekebishe kabla ruta haijakaribia meza, kwa sababu inaweza kutoa hadi 28V. Ile skrubu ndogo ya shaba huja imezungushwa hadi mwisho, hivyo unaigeuza kinyume cha saa mizunguko kumi, kumi na tano, na hakuna kinachobadilika. Endelea. Ghafla voliti inaanza kushuka. Ikifika 11.4 weka tone la rangi ya kucha juu ya skrubu isiteleze. Usinunue bodi ya kupandisha voliti ya XL6009 kwa kazi hii, hata muuzaji akisema ni kubwa zaidi. Chipu yake imeundwa kuanzia 5V, na seli moja haifiki huko.

Jeki ya ruta: zipo za milimita 5.5 kwa 2.1 na 5.5 kwa 2.5. Ya 2.5 inaingia kwenye tundu la 2.1 lakini inacheza ndani, na ruta inazima ukigusa waya tu. Nilihangaika na bodi nzima kumbe tatizo ni jeki.

Vyote viliingia kwenye kisanduku cha plastiki cha waya za umeme, nikatoboa matundu chini na juu. TP4056 hupata moto sana seli zikiwa chini, kwa sababu inachoma tofauti ya voliti: 5 kutoa 3, mara 1A, ni wati 2 kwenye chipu ndogo. Hilo ni kawaida, ila isigusane na seli. Kisanduku usikiweke juu ya ruta wala darini chini ya mabati. Mchana wa jua kule juu kunawaka, na joto huzeesha seli kuliko matumizi. Adapta na chaja nimezichomeka kupitia gadi ya friji, maana umeme ukirudi kwa kishindo ndipo adapta huungua. Gadi husubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, na sasa betri inaziba muda huo.

Kipimo cha mwisho: saa nne na dakika kumi kutoka kujaa mpaka kuzima. Kujaza tena huchukua karibu saa tisa, kwa hiyo umeme ukikatika mara mbili kwa siku, mara ya pili usitegemee saa nne. Pia pitisha multimita kwenye waya wa betri unaoingia MT3608 umeme ukiwepo. Isome miliampea chache tu. Yangu mwanzo ilisoma 120, kwa sababu niliweka MT3608 kwenye 12V na adapta ilikuwa inashuka kidogo ikibebeshwa mzigo, basi betri ikawa inaisaidia kimyakimya.

Ruta ikivuta wati 9 au zaidi, usiige mpango huu. Seli zikifika 3.3V, MT3608 itahitaji zaidi ya 3A, na ulinzi wa TP4056 unaweza kukata huku chaji nyingine ikiwa bado ndani. Hapo unahitaji seli tatu kwa mfululizo, bodi ya ulinzi ya 3S yenye kusawazisha, na chaja ya 12.6V. Kwa yangu, kila baada ya miezi mitatu nachomoa adapta na chaja makusudi na kuangalia saa. Ikishuka chini ya saa tatu nitafungua kisanduku, nipime seli moja moja, na mbovu nizifunge tepu kwenye ncha kabla ya kuzirudisha kwa fundi wa laptopu.