Nimeipanga timu ya wavu bila majitu, na msimu huu tutasumbua

Tangu nikabidhiwe umeneja wa timu ya wanaume ya mpira wa wavu chuoni kwetu, sijakutana na mtu Dar es Salaam asiye na ushauri. Mlinzi wa getini anao. Mama anayetuuzia chapati nyuma ya hosteli anao. Mhadhiri mmoja alinisimamisha kordoni, mimi nakimbilia jaribio lake mwenyewe, akanishauri mpaka tukachelewa wote wawili. Na wote, utadhani walikaa kikao, wanasema kitu kilekile: tafuteni warefu. Msimu unaanza wiki chache zijazo, kikosi kimekamilika, mrefu wa kweli tunaye mmoja tu, na nina hamu sana waje waone.

Tuliumaliza msimu uliopita tukiwa hoi. Seta wetu, yule anayewapandishia washambuliaji mpira, alihitimu, nahodha akahitimu, mtu wa kati mmoja akadisko, yaani akaondolewa chuo kwa kufeli, mwingine akahamia tawi la mkoani. Waliobaki ni mshambuliaji mmoja wa mkono wa kushoto, libero wetu (mlinzi wa nyuma asiyeshambulia), wapokeaji wawili wa kimo cha kawaida, na kundi la waliokuwa wanakuja mazoezini kwa sababu ya maji ya bure. Ukiwasikiliza watu, kazi yangu ilikuwa kuzunguka na futi kamba.

Naomba nimtaje mlezi wetu wa michezo, ambaye namheshimu na shikamoo yake haijawahi kunipita. Yeye ndiye aliyeamua, nikiwa nimesimama pale napinga, kwamba tuchukue vijana wa kikapu. "Mwalimu," nikamwambia, "hawa hawajawahi kucheza wavu." Akanijibu, "Wewe waweke karibu na wavu, mengine yatajipa." Wakaletwa watatu, kila mmoja futi sita na ushee, wamevaa vizuri kuliko timu nzima. Siku ya kwanza mazoezini watu walijaa pembeni ya uwanja kuwaangalia wakinyoosha mikono. Kwa kweli walipendeza.

Mechi ya kirafiki tukaenda kuicheza kwenye chuo kimoja upande wa Ubungo. Nisimulie kidogo, maana hadi leo nikiikumbuka nacheka peke yangu kwenye mwendokasi. Mpira wa kwanza unakuja juu ya wavu, kijana wetu anaruka, anaudaka. Anaudaka kwa mikono miwili, anatua nao, anageuka kutafuta wa kumpasia! Refa akapuliza filimbi huku bega linamcheza. Mpira wa pili akauzuia vizuri, bloku safi kabisa, ila alikuwa amerukia mbele kama wanavyorukia goli la kikapu, kwa hiyo alitua na wavu wote kifuani. Kugusa wavu ukiwa unacheza mpira ni kosa, pointi inakwenda kwao. Wa tatu mguu mzima ulivuka mstari wa katikati, kosa lingine. Mwenzake aliyekuwa nyuma ilipofika zamu ya kusevu, yaani kuanzisha mpira, aliuchapa mpira chini mara nne, tano, sita, akavuta pumzi kama anapiga penalti ya kikapu, na sekunde nane zikamwishia mkononi. Tulifungwa seti tatu mfululizo, ya mwisho wenzetu wakiwa wameshaingiza watu wao wa akiba wote na mmoja wao akicheza na ndala. Njiani kurudi mlezi alisema jua lilikuwa kali.

Wawili walirudi kwenye kikapu chao kwa amani. Mmoja akakataa kuondoka. Huyo nitamrudia.

Mshauri mwingine alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuchezea timu nzuri zamani, anakuja jioni na kiti chake cha plastiki. Mzee wetu ana hadithi tamu, ila ushauri wake juu ya sevu ungetuzika: "Pigeni kwa nguvu zote, ikitoka imetoka." Enzi zake ilikuwa sawa. Zamani timu ilipata pointi pale tu iliposevu yenyewe, kwa hiyo ukikosa sevu ulipoteza zamu, si pointi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sheria ikabadilika, sasa kila mpira ni pointi ya mtu, seti nne za mwanzo zinakwenda hadi 25 na ya tano hadi 15. Sevu iliyotoka nje leo ni zawadi. Nilikuwa naandika kwenye daftari kila pointi tuliyofungwa imetokana na nini, na zaidi ya nusu tulikuwa tunajifunga wenyewe: sevu nje, sevu wavuni, mapokezi yaliyokwenda barabarani. Ukiwa na daftari kama hilo, futi sita hazikushughulishi tena.

Kwa hiyo tukaamua kuwa timu ya sevu na mapokezi. Basi.

Kabla ya hapo kulikuwa na suala la wavu wenyewe. Wavu wa chuo ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani, na katani ikinyeshewa halafu ikakauka inalegea yenyewe. Katikati ulikuwa umebonyea, vijana wanaruka wanajiona ndege. Wanaume wanacheza mita 2.43, na kipimo kinachukuliwa katikati ya uwanja. Nikakata mwanzi, nikautia alama ya 2.43 kwa rangi ya kucha niliyoomba kwa dada mmoja wa darasani, nikausimamisha katikati. Sitasema tulikuwa chini kwa kiasi gani. Nilikwenda Gerezani nikapata waya na chuma cha kuukazia, fundi akanitajia bei, nikamtajia yangu, tukakutana kwenye elfu thelathini na kitu. Tulipoukaza, jioni ile hakuna spaiki (kombora la kushambulia) iliyovuka. Watu walininunia karibu wiki. Wengine walisema meneja ana wivu na wanaoruka.

Sasa mapokezi. Hapa ndipo ninapojisifu, mnivumilie.

Tatizo la wapokeaji wetu lilikuwa macho. Walikuwa wanamwangalia anayesevu, mkono wake, sura yake, jinsi anavyorusha mpira juu, na mpira ukishapigwa miguu bado imelala. Nikawaza: wasimwone. Nina jamaa yangu Sinza anakodisha maturubai ya harusi na misiba. Nikamwomba moja, akanipa kwa sharti kwamba Ijumaa mchana liwe limerudi maana Jumamosi lina kazi. Tukalitandika juu ya wavu, likaziba kila kitu kutoka juu mpaka karibu na chini. Anayesevu yuko ng'ambo, humwoni. Unauona mpira pale tu unapochomoza juu ya turubai, na hapo una muda mfupi wa kuamua: mbele, nyuma, wangu, wako. Siku ya kwanza ilikuwa vituko. Mipira inawapiga watu vifuani, wawili wanagongana, libero anapiga kelele "wangu!" kabla mpira haujatokea. Na turubai bado lilikuwa na utepe wa kumpongeza bibi harusi, kwa hiyo waliokuwa wanapita walidhani kuna sherehe.

Ilipofika saa kumi jioni upepo wa baharini ukaamka, na turubai likawa tanga la jahazi. Milingoti ikaanza kuinama. Vijana wanne wakaikumbatia, mimi nafungua kamba, mzee kwenye kiti chake anacheka hadi kofia inadondoka. Turubai la watu lingechanika ningeuza simu. Baada ya hapo tukahamia alfajiri, saa kumi na mbili kamili, upepo haujaanza, na badala ya turubai tukatumia mashuka ya hosteli. Shuka nne zinatosha wavu mzima, unabana na vibanio vya kuanikia nguo. Upepo ukija, shuka inabanduka yenyewe bila kuvunja kitu. Kila mtu anatoa shuka lake kwa zamu, na asiyetoa anafua za wenzake. Baada ya muda libero wetu alikuwa anapokea sevu za aina zote kama anapokea chenji dukani.

Kwa sevu tulichagua ile ya kuelea, inayopigwa bila mpira kuzunguka. Mpira usiozunguka hewa inaushika bila mpangilio, unayumba, unashuka ghafla, na mpokeaji anabaki na mikono hewani. Haihitaji urefu wala misuli. Unarusha mpira chini chini, unaupiga katikati na kiganja kigumu, unausimamisha mkono palepale. Dar ukirusha juu sana upepo unakuhamishia mpira, na viwanja vyetu karibu vyote ni vya nje. Ila fanyeni kwa mpira wa kweli. Ile mipira ya bei chee inayoning'inia Kariakoo kwenye nyavu mingine ni mizito na migumu, mikono inavimba. Mpira wa sheria una gramu 260 hadi 280, nenda dukani na mzani mdogo wa jikoni kama mimi, muuzaji atakuangalia vibaya lakini atakuletea ule wa stoo. Mipira miwili ya maana ilitutoka laki na zaidi, mchango wa timu pamoja na bumu (mkopo wa wanafunzi) la watu fulani waliokuwa na roho nzuri wiki hiyo.

Seta mpya ni wa mwaka wa kwanza, ameshacheza UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ana mikono laini sana na kimo cha mtoto wa kidato cha pili. Akiwa nyuma hakuna shida. Akizunguka, maana kwenye wavu nafasi zinahama kwa zamu, akafika mbele, kila timu inampigia juu ya kichwa. Hapo ndipo aliporudi yule kijana wa kikapu aliyekataa kuondoka. Nilimwambia, kaka, wewe hupokei, huseti, hukabi nyuma. Unaingia mbele, unaruka wima, unatua ulipotoka, unatoka. Akasema sawa, meneja. Kwa wiki nyingi alikuwa anaruka mbele ya ukuta wa bweni, pua iko sentimita chache kutoka kwenye ukuta, mpaka akaacha tabia ya kurukia mbele.

Seta anapofika mbele, yule wa kushoto anayesimama naye mshazari anakuwa nyuma. Nafanya mabadiliko mawili kwa pamoja: mrefu anaingia badala ya seta, na seta wa pili anaingia nyuma badala ya yule wa kushoto. Kwa mizunguko mitatu nina washambuliaji watatu mbele na bloku ya maana. Ikiisha, nawarudisha wenyewe. Hayo ni mabadiliko manne kati ya sita yanayoruhusiwa kwenye seti, na mchezaji aliyeanza akitoka anarudi mara moja tu, kwa hiyo hesabu lazima iwe kwenye karatasi, si kichwani. Tumeshaijaribu dhidi ya timu mbili za mtaani na zote zilimlalamikia refa kwamba tunabadilisha watu ovyo. Mlezi wetu naye siku hizi anawaambia wageni kwamba lile wazo la watu wa kikapu lilikuwa lake.

Yule wa kushoto ndiye silaha. Anapigia upande wa kulia, mpira unafika kwenye mkono wake bila kukatiza mwili, na mabeki wengi wa vyuo hawajazoea pembe ile. Wapokeaji wawili wanaeleweka. Libero ni bora kuliko alivyokuwa msimu uliopita, na mwenyewe anajua. Udhaifu upo katikati: watu wetu wa kati wanachelewa kwenye mipira ya haraka, na timu yenye seta mjanja itatuumiza pale. Sakafu ya saruji nayo inakula magoti. Nimewakataza kuruka mwisho wa mazoezi, siku za jua kali ndiyo kabisa. Wakati wa mvua tunafanya pasi tu chini ya paa la kantini, mama wa chapati anatutukana lakini anatuacha.

Vyuo vikubwa vitatushinda kwa urefu, hilo halina mjadala. Lakini majitu mengi hayapendi kupokea, na sisi tutawasevia wao kila mara, fupi, mbele ya mstari wa mita tatu, wainame. Makundi yakipangwa kwa haki, nusu fainali naiona. Fainali nayo naiona, mradi yule wa kushoto asipate sapu (mtihani wa kurudia) ya takwimu, na matokeo yanatoka Alhamisi.