Kumbukumbu ya albamu: wimbo wa kumi umekubali kukaa na wenzake

Wimbo wa kufungia albamu yetu hatimaye umekaa mahali pake, na ninaandika haya ningali na furaha yake, kwa sababu katika mradi huu wote hakuna jambo lililoninyima usingizi kama hilo. Nyimbo tisa za mwanzo zilikuwa tayari, zimekwisha kuchanganywa na kusawazishwa, na kila aliyezisikiliza hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alikubali kwamba ni kazi moja. Ulipofika wimbo wa kumi, msikilizaji yuleyule aliuliza kama bado tunasikiliza albamu ileile.

Albamu inafuata barabara ya kutoka Arua hadi Kampala. Tunapita Nebbi, tunavuka Nile pale Pakwach, tunafika Karuma, kisha Kigumba, Luweero na Bombo, na kila kituo kina wimbo wake au sehemu ya wimbo. Nyimbo tisa zimejengwa juu ya adungu, kinubi cha kwetu, na tunazo tatu, yaani ndogo, ya kati na ile kubwa inayobeba besi, pamoja na gitaa moja, ngoma na sauti za waimbaji. Wimbo wa kumi unaingia Kampala, na kwa kuwa hapo tumekwisha kufika Buganda, niliamua tangu tulipoandika mashairi kwamba utapigwa kwa amadinda peke yake, yaani marimba ya Baganda yenye vibao vya mbao, pasipo adungu wala gitaa. Msafiri aliyetoka West Nile, eneo letu hili la Arua, akifika Kampala halafu asikie vyombo vya kwao tu, basi hakusafiri. Uamuzi huo sikuwa tayari kuuacha, hata pale dada anayeongoza uimbaji aliponishauri waziwazi kwamba wimbo ni mzuri lakini utolewe peke yake, siku nyingine.

Tatizo lenyewe linaweza kupimwa. Adungu zetu, kama nyingi zinazopigwa leo makanisani na shuleni, hukazwa nyuzi kwa skeli ya noti saba ya kinanda, ili ziweze kwenda pamoja na gitaa. Amadinda haifuati skeli hiyo. Ukitumia kipimo cha senti, ambapo oktavu nzima, yaani kutoka noti moja hadi ileile ya juu yake, ni senti 1,200 na hatua ndogo kabisa ya kinanda ni senti 100, utaona kwamba Baganda huigawa oktavu katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, takriban senti 240 kila moja, ingawa kila chombo kina tofauti zake. Kwa hiyo, tukianzia noti moja, noti zinazofuata huangukia karibu na 240, 480, 720 na 960. Ile ya 480 na ile ya 720 hazisumbui, kwa kuwa kinanda kina 500 na 700, na tofauti ya senti 20 sikio huivumilia. Zinazoleta ugomvi ni 240, ambayo si 200 wala 300, na 960, ambayo imeangukia kati ya 900 na 1,000. Aliyelelewa katika muziki huo hasikii kasoro yoyote, na kwa kweli hakuna kasoro. Lakini msikilizaji wetu amekaa na skeli ya noti saba kwa dakika zaidi ya 40, sikio lake limekwisha kuizoea, na ghafla noti mbili kati ya tano zinamwambia kwamba chombo kimeharibika. Sikukubali amadinda ionekane mbovu kwa sababu tu ya nyimbo zilizoitangulia.

Njia ya kwanza ambayo wengi wangeifikiria ni kuzivuta noti za amadinda kwa programu hadi zilingane na adungu. Niliijaribu kwa uaminifu, na nasema bila kusita kwamba haifai. Kwanza, vibao 12 vilirekodiwa kwa maikrofoni chache, wapigaji watatu wakiwa pamoja, na sauti ya kibao kimoja haiwezi kutenganishwa na ya jirani yake bila kuacha makovu. Pili, mbao hazitoi sauti zilizopangika kama uzi. Ukiisogeza noti, zile sauti ndogo za juu zinazoipa ladha ya mti husogea nayo, na kinachobaki kinasikika kama plastiki. Tatu, na hili ndilo lililoniuma zaidi, oktavu za amadinda hazikazwi kuwa safi kabisa. Vibao viwili vya oktavu vinapopigwa pamoja, ile tofauti yao ndogo hutoa mtetemo unaokijaza chumba. Programu iliufuta mtetemo huo wote na kuuita usahihi. Nimeifuta kwenye kompyuta, na sitaigusa tena kwa chombo chochote cha mbao.

Kwa kuwa nimeingia kwenye vifaa, niseme na jingine. Kazi hii yote nimeifanya katika Reaper, programu ya kurekodi na kuchanganya muziki, ambayo humpa mtu siku 60 za kujaribu, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Kwa anayefanya kazi kama yetu sioni sababu ya kutafuta kingine. Faida yake kubwa imejitokeza katika jambo nitakaloeleza hapa chini, kwamba unaweza kuchora mwendo wa wimbo kwa mkono, pigo kwa pigo, juu ya rekodi ya watu waliopiga bila metronomi, yaani bila kifaa cha kuwahesabia mapigo. Audacity ninaiheshimu kwa kukata na kusafisha faili, lakini kwa kazi ya kufuata mapigo ya wanadamu ilinichosha.

Wakati huo nilirudi mara nyingi kwenye mfano mmoja ambao kila mtu hapa anaujua. Albamu ya Uprising ya Bob Marley na The Wailers, iliyotoka mwaka 1980, imejaa besi, ngoma na bendi nzima, na kisha inafungwa na Redemption Song, ambao ni mtu na gitaa lake. Kwa vyombo, wimbo huo hauna uhusiano na nyimbo zilizoutangulia, na bado sijakutana na msikilizaji anayesema kwamba haustahili kuwa pale. Maelezo yangu ni kwamba sauti inayoimba ndiyo iliyotuongoza tangu wimbo wa kwanza, na mambo inayoyasema tumekwisha kuyasikia kwa namna nyingine. Kilichobadilika ni mavazi tu. Wimbo wetu wa kumi haukuwa na bahati hiyo. Vyombo vilikuwa vipya, skeli ilikuwa mpya, na sauti ya dada inaingia katikati, baada ya vibao kujenga nyumba yao. Hakuna kitu hata kimoja kilichovuka kutoka wimbo wa tisa kwenda wa kumi. Nilipoliona hilo, niliacha kuuliza kama wimbo wa mwisho unafanana na wenzake, nikaanza kuuliza ni kitu gani chake kimekwisha kusikika kabla haujafika.

Jibu langu la kwanza lilikuwa kuweka kipande kifupi cha amadinda katikati ya albamu, baada ya wimbo wa nne, ili sikio lizoee mapema. Kilikuwa kipande kizuri, lakini kilisimamisha safari pale Pakwach, mahali ambapo gari linapaswa kuwa juu ya daraja na maji yako chini. Wimbo wa tano ulianza kwa unyonge baada yake. Mzee wetu anayepiga adungu kubwa alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, “Mwanangu, huyu mgeni wako hajapiga hodi. Ameingia sebuleni, akatoka, kisha anarudi usiku. Apige hodi kwanza.”

Neno hilo ndilo lililonifungua, kwa sababu anayepiga hodi hasikiki sauti yake yote. Nilirudi kwenye rekodi ya amadinda nikamsikiliza omukoonezi peke yake. Wanaopiga wanajua mpangilio. Omunazi anaanza, omwawuzi anaingiza noti zake katikati ya noti za mwenzake, na omukoonezi, aliyeshika vibao viwili vya juu kabisa, anaziokota noti zinazotokea kwenye vibao viwili vya chini na kuzirudia oktavu mbili juu. Hapati tuni yake mwenyewe; anapata mdundo ambao hakuna aliyeutunga moja kwa moja, unaozaliwa na mikono ya wale wawili. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyejifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda, aliandika sana juu ya tuni za namna hii, ambazo msikilizaji huzisikia ingawa hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga. Katika wimbo wetu, mdundo wa omukoonezi unachechemea. Unapiga mara mbili karibukaribu, unanyamaza, unapiga mara moja, unanyamaza muda mrefu kuliko ulivyotegemea, kisha unamalizia kwa pigo moja kabla ya kuanza upya. Mdundo hauna senti. Unaweza kuvuka kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kugombana na skeli yoyote.

Kwa hiyo tuliuhamishia kwenye adungu ndogo, juu ya nyuzi zake mbili nyembamba kabisa, na kuuweka chini ya kiitikio cha wimbo wa nne, kwa sauti ya chini kiasi kwamba asiyeutafuta atauona kuwa ni pambo tu. Tukauweka tena katika wimbo wa tisa, ule wa Bombo, safari hii ukiwa wazi zaidi. Kile kipande cha amadinda cha katikati nilikitoa, na daraja la Pakwach likapata tena mwendo wake.

Hapo ndipo ulipoanza ukaidi wa kweli. Nilitaka wimbo wa tisa usikatike. Bendi inyamaze, adungu ndogo ibaki na mdundo wake, na chini yake omunazi aanze, omwawuzi afuate, hadi omukoonezi atakapoingia na kukuta mdundo wake unamsubiri, ndipo adungu inyamaze. Sikutaka omukoonezi aanze peke yake, ingawa kwa mpangaji wa sauti ingekuwa rahisi zaidi, kwa sababu hawezi kuokota noti ambazo bado hazijapigwa. Aliyetufundisha wimbo huo asingeelewa tumefanya nini. Lakini wapigaji wa amadinda walirekodi bila metronomi, na mwendo wao unapumua. Wanaanza kwa utulivu, wanapanda kidogo omwawuzi anapoingia, kisha wanatulia. Adungu iliyopigwa kwa mwendo ulionyooka ilikuwa inateleza kabla ya mzunguko wa tatu, na unapoteleza mdundo wa namna hii kwa sehemu ndogo tu ya pigo, haubaki kuwa hodi, unakuwa fujo.

Kuichora ramani ya mwendo katika Reaper kulisaidia nusu ya njia. Nilipanga kila pigo la omunazi, kisha nikaifanya adungu ifuate ramani hiyo. Vipimo vikawa sahihi na muziki ukawa mkavu. Kilichofanya kazi ni kuugeuza utaratibu wote. Kijana wetu wa adungu ndogo alivaa hedifoni, akasikiliza mwanzo wa amadinda hadi mwili wake ukaushika, kisha akarekodi mwisho wa wimbo wa tisa akiwafuata wapigaji wa wimbo wa kumi ambao msikilizaji bado hajawasikia. Bendi nayo ikarekodi upya mwisho ule kwa kumfuata yeye. Ukisikiliza kwa makini, utaona kwamba wimbo wa Bombo unaanza kupumua kwa namna ya amadinda kabla amadinda haijatokea.

Liliongezeka jambo moja dogo la noti. Mwisho wa zamani wa wimbo wa tisa ulikuwa na noti ya sita iliyoachwa ikilia, senti 900, na ndiyo iliyokuwa inakutana uso kwa uso na ile 960 ya amadinda. Tumeitoa. Sasa besi ya Mzee inaacha noti ya msingi na ya tano tu, ambazo zina majirani wa karibu kule upande wa pili. Hilo lilichukua muda mfupi sana kulitekeleza, na mchango wake ni mkubwa.

Kuhusu ukubwa wa sauti nitasema kwa ufupi. Vibao vina vilele vikali, na ukitaka kuvipandisha hadi vilingane na bendi, lazima uvikate vilele hivyo, na hapo pigo la mti linakufa. Nimeuacha wimbo wa kumi chini kidogo ya wengine, na ninauona uko sawa hivyo. Faili nimezipa majina kwa tarakimu mbili, 01 hadi 10, kwa kuwa hapa nyimbo husafiri kwa flashi, na redio nyingi za magari zinapopanga kwa jina huweka 10 mbele ya 2. Ningesikitika sana msafiri afike Kampala kabla hajapita Nebbi.

Nilikuwa nimepanga kurekodi upya ngoma za wimbo wa sita mwezi huu. Mpango huo nimeuweka kando, na ngoma zitabaki zilivyo, kwa sababu Mzee amekuja na wazo ambalo siwezi kuliacha lipite. Anataka kukaza nyuzi za adungu yake kubwa kwa hatua tano za amadinda, ili ziingie chini kabisa katika ubeti wa mwisho wa wimbo wa kumi. Tumeanza kuzipima uzi mmoja mmoja dhidi ya rekodi. Ile ya 480 na ya 720 zimekubali upesi, ya 960 inashika kwa muda kisha inalegea, na ya 240 bado inarudi kwenye 200 aliyoizoea mkono wake.