Kibofu kilirudishwa mahali pake, mkojo ukaendelea kunikimbiza

Mstari wa kwanza wa daftari langu la mkojo unasema: saa 12:20 asubuhi, mililita 90, nilibanwa ghafla, matone yakanitoka kabla sijafika. Unaofuata ni saa 1:05, mililita 60. Siku ile nilienda haja ndogo mara 14 mchana na mara nne usiku. Nilikuwa na miaka 58, nimezaa watoto wanne kwa njia ya kawaida, hedhi ilishakoma, na kwa zaidi ya mwaka nilihisi kitu kama yai kimekaa ukeni, hasa jioni nikiwa nimeshinda nimesimama.

Daktari alinipima akasema ukuta wa mbele wa uke umelegea na kibofu cha mkojo kimeshuka nao, hatua ya tatu kati ya nne. Nilifarijika kusikia kuna upasuaji. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kibofu kimeshuka ndiyo maana mkojo unanikimbiza, kikirudishwa mbio zitakoma. Ningeingia chumba cha upasuaji na imani hiyo kama asingeniuliza, "Mama, kati ya hicho kinachoshuka na huko kukimbilia choo, kipi kinakusumbua zaidi?"

Nikamjibu papo hapo kwamba ni choo. Akachukua karatasi akaanza kunichorea.

Kibofu kinaposhuka, mrija wa mkojo unaweza kujikunja. Misuli ya kibofu inalazimika kusukuma kwa nguvu ili mkojo upite kwenye ile kona, na baada ya muda huwa myepesi wa kujikaza hata kama mkojo ni kidogo. Tena mkojo hauishi wote, hivyo kibofu hujaa upesi. Kama chanzo ni hicho, upasuaji hupunguza ile haraka, na wanawake wengi hupata nafuu. Ila haraka ya mkojo ina vyanzo vingine pia: umri, uke kukauka baada ya hedhi kukoma, kafeini, kufunga choo, kisukari, dawa za kuongeza mkojo. Vyanzo hivyo upasuaji hauvigusi. Na wapo ambao haraka hiyo huwaanza baada ya kufanyiwa upasuaji, kabla hawakuwa nayo.

Nilipimwa mkojo kuona kama kuna maambukizi, hayakuwapo. Ultrasaundi baada ya kukojoa ilionyesha mililita 140 zimebaki. Ndipo daktari akaniwekea pesari, pete laini ya silikoni inayoshikilia viungo visishuke, nikae nayo wiki sita nikiendelea kuandika daftari. Hili ndilo ambalo ningependa kila mwanamke anayesubiri upasuaji huu aliulizie kwa daktari wake, kwa sababu pete ile inakuonjesha mapema hali inayoweza kuja. Nikiwa nayo nilishuka hadi mara 11 mchana, na mkojo unaobaki ukapungua sana. Kumbe sehemu ya haraka yangu ilitokana na mrija kujikunja, na sehemu nyingine la. Jambo jipya pia lilijitokeza: nikikohoa, mkojo ulinitoka kidogo. Daktari alisema ile kona ilikuwa imeuzuia, na sasa mrija umenyooka. Tulikubaliana arekebishe ukuta wa uke tu, hilo la kikohozi tulitazame baadaye.

Upasuaji wenyewe ulienda salama. Uliingilia ukeni, ganzi ya mgongoni, mpira wa mkojo hadi kesho yake, kisha nikaambiwa nisinyanyue kitu kizito kwa wiki sita.

Wiki mbili za kwanza haraka ilizidi kuliko zamani, nami nililia. Niliamini mishono imeharibu kitu. Nilipimwa tena mkojo, haukuwa na maambukizi. Nikaelezwa kwamba uvimbe na ule mpira huchokoza kibofu. Kweli ilitulia. Kufika miezi mitatu, lile yai halikuwapo tena, natembea na kuketi kwa raha ambayo nilikuwa nimeisahau, lakini daftari lilionyesha mara 11 mchana na mara tatu usiku, kama nilipokuwa na pete. Sikuvunjika moyo sana, maana nilishaambiwa.

Kazi iliyobaki niliifanya na mtaalamu wa fiziotherapia. Alianza kwa kunikagua nikikaza misuli ya nyonga, akagundua kwamba kwa miezi yote nilikuwa nasukuma chini badala ya kuvuta juu. Mtu aliyetoka kushonwa ukuta wa uke hatakiwi kabisa kusukuma vile. Naumia nikifikiria ni wangapi wanapewa karatasi ya mazoezi bila mtu wa kuwaangalia. Nilianza upya: kukaza na kushikilia hadi hesabu ya nane, kuachia, mara kumi, mara tatu kwa siku.

Kisha akanifundisha kukabiliana na wimbi la kubanwa. "Ukibanwa usikimbie, mama. Ukikimbia unakipa kibofu ushindi." Nisimame au niketi kwenye ukingo wa kiti kigumu, nikaze misuli haraka haraka mara tano au sita, nipumue, nihesabu kurudi nyuma kutoka 100 kwa saba saba. Wimbi hupanda, hufika kilele, hushuka. Likishashuka ndipo nitembee. Siku ya kwanza sikuweza hata dakika mbili. Nilianza na kuchelewesha dakika tano, nikaongeza kidogo kila wiki, na kufikia wiki ya tisa nilikuwa nakaa saa mbili na nusu kutoka choo hadi choo.

Maji nilikuwa nimeyapunguza kwa hofu, kumbe mkojo mzito huchokoza kibofu na choo nacho kinakuwa kigumu. Nilirudi kwenye lita moja na nusu, nyingi mchana. Kahawa niliiacha polepole, maana kuikata ghafla kuliniumiza kichwa.

Dawa pia zilikuwepo. Solifenacin, dawa ya kutuliza kibofu, ilinikausha kinywa na kunifunga choo, nami sikutaka kujikamua juu ya mishono, nikamwambia daktari mapema. Alinibadilishia mirabegron, nyingine ya kutuliza kibofu, baada ya kupima shinikizo la damu, kwa kuwa inaweza kulipandisha, akanionya nisiihukumu kabla ya wiki nne. Akaongeza krimu ya homoni ya estrojeni ya kupaka ukeni mara mbili kwa wiki.

Sasa ni mwaka na miezi miwili. Jana: mara nane mchana, mara moja usiku, mililita 300 asubuhi. Nikikohoa sana matone bado hutoka, kwa hiyo pedi nyembamba naivaa nikiwa na mafua. Mwezi ujao tutasimamisha kidonge tuone, halafu niandike tena siku tatu mfululizo. Kurasa za mwisho za daftari nimeziacha wazi kwa ajili hiyo.