Zamu ya usiku

Leo natimiza siku ya tisa nikichunga ng'ombe wa baba. Kijana aliyekuwa nao aliondoka mwezi uliopita kwenda machimboni Geita. Hakuaga, fimbo aliiegemeza tu mlangoni mwa zizi. Goti la baba halimruhusu tena kukimbizana na ndama. Mimi nilikuwa na likizo ya siku 28 niliyopanga kuilala yote nyumbani kwangu Nyegezi. Simu ikalia, na sasa nipo huku upande wa Magu, kwenye Ghuba ya Speke, nanuka samadi mpaka kwenye nywele.

Ng'ombe ni saba. Mzee wao ni jike anayeitwa Katibu, maana, anasema baba, hakuna kikao cha zizini atakachokaa bila kuchangia neno. Katibu akianza kutembea wenzake wanafuata. Akisimama, umechunga wewe, hujachunga, hapo ndipo mlipofika.

Siku ya tatu nilichoka kusimama, nikajilaza kifudifudi hatua mbili kutoka alipokuwa anakula. Sikuwahi kumtazama ng'ombe akila. Kumla, ndiyo; mama lishe wangu wa Igoma ananijua kwa supu, na nikifumba macho naweza kukwambia kipi kwenye tumbo lake ni kitabu na ipi ni taulo. Lakini nyasi zinaingiaje humo, hilo halikuwahi kunipitia kichwani. Basi, ng'ombe hana meno ya mbele juu. Ana ufizi mgumu kama soli ya kandambili. Kazi inafanywa na ulimi: unatoka mrefu, una mkwaruzo kama msasa, unazunguka kitita cha nyasi, unakivuta ndani, meno ya chini yanakibana kwenye ule ufizi, kichwa kinavutwa kidogo, kwach. Halafu tena. Kwach. Pua yake ilikuwa inanipulizia mavumbi usoni na wala hakunijali.

Kwa namna hiyo ya kula, nyasi fupi mno zinamshinda. Ulimi hauna cha kuzungukia. Alikopita Katibu panabaki vishina vya vidole viwili vitatu, vingine virefu vingine vifupi, kama kichwa kilichonyolewa na mtoto.

Nikaanza kujiuliza kuhusu kile kipande cha ufukoni. Pale maji yanapokutana na nchi kavu, kuna ukoka uliokatwa sawasawa mpaka chini, laini, wa kijani hata sasa mwezi wa nane ambapo kila kitu kimekuwa rangi ya gunia. Ungedhani uwanja wa hoteli. Kwa elimu yangu mpya ya siku tatu nikaamua: hawa ni kondoo, kwa kuwa kondoo hung'ata karibu kabisa na udongo. Na mwenye kondoo hapa ni jirani mmoja tu. Nikamkuta kijana wake kisimani nikamsemesha kwa ukali kwamba wanamaliza malisho ya wenzao alfajiri watu wakiwa wamelala. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "Sawa, dada", akabeba ndoo zake.

Jioni nikamweleza baba. Aliweka kikombe chini kwanza ndipo akacheka, kwa heshima ya chai.

"Kondoo gani huyo, mama, mwenye mdomo wa nusu mita?"

Asubuhi alijikongoja na fimbo yake akanionyesha. Katikati ya matete kuna njia inayotoka majini. Nilikuwa nimeipita kila siku nikidhani ni ya ng'ombe. Njia ya ng'ombe ni mfereji mmoja. Hii ina mifereji miwili sambamba, na katikati yake tuta la nyasi ambalo halikanyagwi, kwa sababu mwenye njia ana miguu mifupi iliyotengana na tumbo pana linalopita juu. Pembeni, kwenye kichaka, kinyesi kimetapakaa mpaka usawa wa kiuno changu. Anakitawanya kwa mkia.

Kiboko. Mchana anakaa majini kwa kuwa ngozi yake haistahimili jua, giza likiingia anapanda kula. Hakati kwa meno. Yale meno makubwa ya picha ni ya ugomvi. Nyasi anazikata kwa midomo, anazibana na kuzing'oa huku kichwa kikienda kushoto na kulia. Kama kilo 40 kwa usiku mmoja, kisha anarudi na mzigo wote ziwani, na sehemu kubwa anaiachia humo humo, wanufaike samaki. Ukoka hauoni shida. Mche wa mpapai ukikatwa kichwa unahangaika, lakini ukoka unachipukia chini kabisa, karibu na udongo, mahali ambapo mdomo haufiki. Ukilwa unarudi, na majani mapya ni laini kuliko ya zamani. Ukiachwa, matete na magugu marefu yanaufunika ukafa kwa kukosa jua. Kwa hiyo ule uwanja haukuwa umemalizwa na mtu. Ulikuwa unatunzwa.

Nimekwenda kumwomba radhi yule kijana. Alisema "Sawa, dada", kwa sauti ile ile.

Kilichonikaa moyoni ni swali la kwa nini ng'ombe wetu wako ufukoni hata kidogo. Nilipokuwa mdogo hawakufika huku kiangazi. Babu alikuwa na ngitili nyuma ya mji, kipande kilichofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikomaa, wakati nyasi za kwingine zimekwisha. Hakikuwa na uzio. Watu walijua tu, na ukikamatwa umeingiza mifugo ulilipa. Huo ni utaratibu wa Wasukuma wa tangu zamani. Shinyanga, mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986 uliurudisha kwenye ardhi iliyokuwa karibu kuwa jangwa, na miti ikarudi. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Babu alifariki, wanawe wakagawana. Sehemu moja ikawa dengu, nyingine choroko, na ile bora kuliko zote ina mawe manne ya mipaka na namba ya simu ya dalali iliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Baba hajawahi kulaumu ndugu zake mbele yangu. Ila njia ya kwenda huko haipiti tena, anazunguka.

Kilichobaki wazi ni ukanda wa ufukoni, ambao sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka majini. Mita 60! Mchana ni za ng'ombe wa kitongoji kizima, usiku ni za viboko. Mwaka 2020 ziwa lilipofura, sehemu kubwa ya hizo mita iliingia majini, na viboko wakafuata nyasi mpaka kwenye bustani ya mchicha ya mama. Tena ufukoni kuna konokono, na konokono wana minyoo ya ini. Ng'ombe anaimeza kwenye nyasi za majimaji. Dada yake Katibu alivimba chini ya taya kama aliyeficha embe, akakonda huku anakula. Alipochinjwa, ini lilitoa vitu bapa kama majani ya chai yaliyolowa. Hiyo supu sikuinywa.

Kwenye basi la Musoma, ukishapita Lamadi, Serengeti inashuka mpaka karibu na lami pale geti la Ndabaka. Mwezi wa sita, ukiwa na bahati, unaona nyumbu dirishani. Nilikuwa nawatazama kama kalenda ya ukutani. Siku hizi najikuta nawaza midomo yao. Pundamilia ana meno juu na chini, anatangulia kukata mabua. Nyumbu anafuata majani. Swala tomi anakuja mwisho kuchokoa vijimea vya chini. Sotoka ile ile iliyofyeka ng'ombe wa mababu zetu miaka ya 1890 iliwabana nyumbu pia. Ng'ombe wa kandokando ya hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukatoweka hata porini, na nyumbu wakatoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakavuka milioni kabla ya 1980. Wakala nyasi ambazo zamani ziliungua kila kiangazi. Moto ukapungua, miti michanga ikapata pumzi. Sindano ya ng'ombe ikaotesha miti, na aliyeishika sindano nadhani aliwaza maziwa tu.

Jana usiku, kama saa tisa, niliamka kwa mlio. Sio kwach ya Katibu. Huu ulikuwa mzito, mrefu, kama mtu anachana shuka jipya taratibu. Nikatoka sebuleni nikamkuta baba amekaa gizani dirishani, goti limenyooshwa juu ya stuli.

"Nitoke na tochi?"

"Utoke uende wapi? Usimkatie njia ya maji huyo."

Tukasikiliza. Akainua vidole viwili: wapo wawili. Zizini Katibu akatia neno lake, na kule ufukoni kuchana kukasimama kidogo, kisha kukaendelea.