Kimelala au kimesimama?

Juzi mwanangu kanijia na daftari lake la baiolojia. Kachora utando wa seli: vichwa vya duara juu na chini, mikia miwili miwili katikati, na kidude kirefu kimeutoboa upande hadi upande. "Mama, wamejuaje kama kimesimama? Huenda kimelala."

Swali hilo ndilo lililonila ujana wangu kule Ufaransa. Na jibu lake, kwa ile peptidi yangu mimi, kipande kifupi cha protini, nililipokea Pemba, nje kidogo ya Wete, vidole vikinuka karafuu.

Nilikuwa nimerudi likizo, msimu umeiva, na kwetu msimu ukiiva hakuna cha msomi wala nani, wote ni kuchambua. Sampuli nilimwachia mwenzangu wa maabara. Tulishatia ndani ya peptidi atomu moja ya naitrojeni 15, aina ambayo kwa asili haifiki hata asilimia 0.4 ya naitrojeni yote, ili ikijibu tujue ni yenyewe. Peptidi tukaichanganya na mafuta ya utando, tukaitandaza juu ya vioo vyembamba na kuiacha kwenye unyevu mpaka mafuta yakajipanga tabaka kwa tabaka. Kisha ndani ya sumaku, ambayo waya zake hukaa kwenye heliamu ya nyuzi -269. Unaipiga sampuli mawimbi ya redio, naitrojeni inajibu, lakini kwa sauti dhaifu mno, basi unairudia mara maelfu, usiku kucha. Utando wenyewe una unene wa nanomita 4 hivi. Jibu likiangukia karibu na 200 kwenye kipimo cha ppm (sehemu kwa milioni), peptidi imesimama, imepenya. Likiwa chini ya 100, imelala juu ya utando kama gogo juu ya maji.

Mimi nilitaka isimame. Za kulala zilikwishajulikana: magainini, ile ya ngozi ya chura aliyoitangaza Michael Zasloff mwaka 1987, yalala. Nani angesoma tasnifu ya nyingine tena iliyolala?

Mtandao ulikuwa ukipatikana kilimani tu, nyuma ya mikarafuu ya ami. Nikapanda. Barua pepe ikafunguka, picha ya grafu ya jibu ikaanza kushuka kutoka juu, mstari baada ya mstari. Kwanza weupe. Kisha ncha. Ncha moja, nyembamba, safi, nikajua sampuli imejipanga vizuri. Lakini ncha bila namba si kitu, na namba ziko chini kabisa. Picha ikasimama. Nikanyanyua simu juu, nikageuka kuelekea Wete, nikageuka kuelekea baharini, chungu wa mkarafuuni wakinipanda miguuni wala sikuwapangusa. Ikashuka kidogo: nyasi za kelele, zile nukta zinazotetemeka chini ya kila jibu la naitrojeni. Ikasimama tena. Halafu namba.

Karibu na 75.

Ami alikuwa akipita na pakacha la karafuu mbichi. "N'nini, mwanangu? Kuna msiba?"

Nikamweleza, kwa kifupi kadiri nilivyoweza.

"Kwa hivyo chalala."

"Chalala, ami."

"Umekiona?"

"Hakionekani. Namba ndiyo inayosema."

Akalitua pakacha. Mtu aliyepima karafuu kwa pishi maisha yake yote hazidharau namba, lakini pia anajua zinavyopatikana. "Sasa hicho kimelala kwenye kioo chenu huko. Ndani ya mtu, nako chalala?"

Nikaanza kumwambia kuhusu LAH4, peptidi nyingine, ambayo kwenye asidi hulala na asidi ikipungua husimama, ile ile, utando ule ule. Nikaona nampa hoja yake mwenyewe, nikanyamaza. Bibi akaita kutoka uani kwamba wingu limefunga, majamvi yakunjwe. Tukakimbia.

Tasnifu niliiandika, iliyolala, na kumbe ilisomwa. Siku ya utetezi mtahini mmoja akavua miwani na kuniuliza swali lile lile la ami, kwa Kifaransa na kwa maneno mengi zaidi. Yeye nilimjibu kwa kirefu, nikamtajia chumvi, aina za mafuta, joto na wingi wa peptidi. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaenda swali la pili.