Jinsi picha za eksirei zetu zilivyofika Dar zikiwa nzima

Nimeamua kuandika haya baada ya kumsikia tena mtu akimshauri mwenzake wa hospitali nyingine: "Picha ya eksirei? Ipige na simu, itume WhatsApp, bingwa ataiona." Ushauri huo ulishawahi kutuponza sisi. Na aliyelipa si mimi wala mshauri. Alilipa bibi wa watu kutoka kijijini.

Nafanya kazi ya TEHAMA katika hospitali moja mkoani Lindi. Daktari bingwa wa radiolojia hatuna. Tuna wapiga picha wazuri sana, tuna mashine ya zamani ya kaseti na kisomeo chake, yaani CR, na miaka ya karibuni tukapata mashine mpya ya kidijitali. Picha ikitaka jicho la bingwa, hutumwa Dar es Salaam.

Mwaka 2023 bibi huyo alikutwa na kivuli kwenye pafu. Kwanza tukapiga skrini kwa simu tukatuma. Bingwa akajibu kwa upole kwamba kwa picha ile hawezi kusema lolote. Tukachoma CD, bibi akapanda basi nayo, akalipa nauli, bado kula na kulala. Kule CD ikagoma. Akapigwa picha upya, akalipa upya, akala mionzi upya. Aliporudi alikuja moja kwa moja ofisini kwangu, akafungua pindo la kanga, akaniwekea CD mezani. "Mjukuu wangu, kisahani chenu hakisemi."

Niliumia. Usiku ule niliifungua ile CD kwa programu inayoonyesha faili baiti kwa baiti. Faili halisi ya DICOM, yaani kiwango kinachotumiwa na mashine za hospitali kuhifadhi na kutumiana picha, huanza na baiti 128 za utangulizi, aghalabu zote sifuri, halafu zinafuata herufi nne: D, I, C, M. Zetu zilianza na FF D8, na hatua chache mbele neno JFIF. Hiyo ni JPEG, picha ya kawaida kama ya harusi. Nikamuuliza aliyeichoma, akaniambia fundi wa waliotuuzia mashine ndiye aliyemfundisha: hifadhi kama JPEG, kisha badilisha mwisho wa jina la faili uandike dcm. Basi! Ni kama kuandika "sukari" kwenye kopo la chumvi. Nawasihi, msimfuate mtu anayewaambia hivyo.

Nieleze kwa nini jambo hili linanikera kiasi hiki. Picha ya eksirei ya kidijitali kwa kawaida ina biti 12 kwa kila nukta, maana yake ngazi 4,096 kati ya nyeusi na nyeupe. JPEG ya kawaida na simu zetu zina biti 8, ngazi 256. Bingwa akiwa na faili kamili anavuta mwanga atakavyo: anaangalia pafu, anahamia mfupa, anarudi nyuma ya moyo, kwenye picha ileile moja. Ukimpa ngazi 256 umeshamchagulia cha kuona, na kingine umekitupa. Tena ndani ya faili ya DICOM kuna tagi, kila moja na namba yake: jina la mgonjwa ni (0010,0010), namba yake ya hospitali ni (0010,0020), tarehe ya kipimo ni (0008,0020). Picha na mwenyewe wamefungwa kitu kimoja. Kwenye WhatsApp kifua ni kifua tu, hakina mwenyewe.

Nikaanza kusoma. Kiwango chenyewe kipo wazi mtandaoni, hulipii hata senti, ingawa ni kurasa maelfu na sikusema nimezimaliza. Chanzo chake ni 1983, pale chama cha madaktari wa radiolojia wa Marekani, ACR, na chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme, NEMA, walipounda kamati moja. Wakati ule kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kuhifadhi picha, ukinunua mashine ya huyu huwezi kuisoma kwa kompyuta ya yule. Toleo la kwanza likatoka 1985, la pili 1988, na yote mawili yalitegemea kebo nene ya pini 50 kati ya kifaa na kifaa. Toleo la tatu, 1993, ndilo lililoingia kwenye mtandao wa kompyuta na kupewa jina la DICOM. La nne halijawahi kutoka. Badala yake wanaongeza nyongeza na kusahihisha, wanatoa chapa mpya mara kadhaa kila mwaka, na kilichopitwa na wakati wanakistaafisha tu: namba yake hapewi mwingine. Ndiyo maana mashine yetu kuukuu ina haki ya kueleweka hadi leo. Hilo lilinipa moyo, kwa sababu fundi yule alikuwa ameshatuambia dawa ni kununua seva mpya, yaani kompyuta ya kupokea na kutunza picha, milioni kadhaa.

Seva tuliyokuwa nayo ilikuja na mashine ya zamani. Picha za CR ilizipokea vizuri. Za mashine mpya, hakuna. Kosa la kwanza nililimaliza asubuhi moja: katika DICOM kila kifaa kina jina lake la AE, yaani la kujitambulisha kwa vifaa vingine, lisilozidi herufi 16, na herufi kubwa si sawa na ndogo. Kwenye seva liliandikwa kwa kistari cha kati, kwenye mashine kwa kistari cha chini. Nikarekebisha.

Kosa la pili lilikula siku tatu, na hilo nitalisimulia taratibu kwa sababu najua liko kwenye hospitali nyingi.

Mashine mpya ina kitufe cha kujaribu mawasiliano. Nabonyeza, jibu linarudi: sawa. Natuma picha: imeshindikana. Nabonyeza tena, sawa. Natuma tena, imeshindikana. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha swichi, nikazima na kuwasha vyote. Fundi kwa simu akasisitiza kwamba kama jaribio linakubali basi tatizo ni mtandao wetu wa huku kusini. Hapo nilikasirika kwelikweli, maana mtandao wa kutoka chumba cha mionzi hadi ofisini kwangu ni kebo ya mita arobaini, haijui kusini wala kaskazini.

Siku ya tatu nikaacha kubonyeza, nikafungua kumbukumbu za seva, yaani faili inamoandika kila kilichotokea. Ndipo nikaelewa DICOM inavyobisha hodi. Mashine inayotuma inafika mlangoni, inataja jina lake na jina la inayemtafuta, kisha inataja kila aina ya mzigo iliyobeba na namna mzigo ulivyofungwa. Mwenye nyumba anajibu mzigo kwa mzigo: huu napokea, ule sipokei. Lile jaribio la mawasiliano ni mzigo wa aina yake, salamu tupu. Kukubali salamu si kukubali picha!

Kumbukumbu zilionyesha mzigo uliokataliwa kwa namba ndefu: 1.2.840.10008.5.1.4.1.1.1.1. Nikatafuta orodha ya seva inayopokea, nikaiona namba hiyohiyo ipo. Nikabaki nimeduwaa. Nilimwita dada wa zamu chumba cha mionzi, nikamwomba anisomee mimi nikiweka nukta kwa kalamu kwenye karatasi. Akasoma ya seva. Akasoma ya mashine. Akasimama, akarudia. "Kaka, hii ya mashine ina moja ya ziada mwishoni."

Moja ya ziada! Inayoishia na moja tatu ni picha ya CR. Inayoishia na moja nne ni DX, aina iliyoongezwa kwenye kiwango mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya mashine za kidijitali kama ile yetu mpya. Programu ya seva yetu ilijengwa kwa CR, DX haikuwemo. Wala mtandao wa kusini haukuhusika.

Kila mtengenezaji anatoa waraka unaosema kifaa chake kinajua nini katika DICOM na hakijui nini. Uombeni waraka huo kabla ya kununua, na mwenye kuusoma awe mtu wenu, msimwachie muuzaji. Nikausoma wa mashine mpya, nikakuta kwamba kwenye mipangilio unaweza kuiambia itume kama DX au kama CR. Nikachagua CR. Picha ikaingia kabla sijainua kidole. Yule dada alipiga vigelegele hadi wagonjwa wa foleni wakachungulia.

Hata hivyo sikutaka kuishia hapo, maana DX hubeba maelezo kamili zaidi, kwa mfano upande wa mwili na mwelekeo wa picha. Nikanunua kompyuta ya mtumba, laki sita na ushee pamoja na diski ya pili, nikaweka Orthanc, programu ya bure iliyoanzia Liège, Ubelgiji. Inapokea CR na DX bila ubaguzi. Kuiweka hakuna cha kusimulia. Nikairudisha mashine kwenye DX.

Kumbe kazi ngumu ilikuwa majina. DICOM imegawa jina la mtu kuanzia la ukoo, kisha lake, kwa alama ya ^ katikati. Sisi tuna jina la mtu, la baba na la babu. Mtu anayeitwa, tuseme, Hamisi Saidi Juma, mashine ya zamani ilimwandika HAMISI SAIDI JUMA kwa mkupuo, mpya ikamwandika JUMA^HAMISI^SAIDI, na kwa kompyuta hao ni watu wawili. Namba ya hospitali nayo huhesabiwa kama maandishi, kwa hiyo 004512 na 4512 si kitu kimoja. Tulikaa na watu wa masjala tukakubaliana: sifuri haziondolewi, jina la babu linakaa mahali pa ukoo. Na wazee wasiojua siku ya kuzaliwa, tuliacha kuwaandikia 1 Januari. Kiwango kinataka tagi ya tarehe ya kuzaliwa iwepo, lakini kinaruhusu iwe tupu. Tupu ni kweli, 1 Januari ya kubuni ni uongo utakaomchanganya na mwenzake.

Kuhusu kutuma Dar, kuna aliyenishauri nifungue poti 104, mlango wa DICOM, kwenye ruta ili picha zipite moja kwa moja kwenye intaneti, mambo yaishe. Nilikataa na namkatalia hadi leo. DICOM ya kawaida, usipoiwekea ulinzi, inapitisha majina ya wagonjwa wazi kwa yeyote anayechungulia, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Bahati nzuri kiwango kimekua, sasa kuna DICOMweb, inayosafirisha picha kwa njia ileile ya HTTPS inayotumiwa na kurasa za mtandao. Tukakubaliana na wenzetu wa Dar, kila upande na ufunguo wake. Picha moja ya kifua ya nukta 2,000 kwa 2,500 ni kama MB 10, kwa hiyo tunaibana kwa namna isiyopoteza hata nukta moja, inashuka karibu nusu au zaidi. Zisizo za haraka zinaondoka usiku, bando likiwa na nafasi.

Mtihani ulikuja Mei 2024. Mvua na Kimbunga Hidaya vikaikata barabara ya Dar, mabasi yakasimama, hata ungekuwa na CD nzuri ya namna gani usingeifikisha. Picha zetu zilipita. Kisha tarehe 12 nyaya za baharini zikapata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Picha zilipanga foleni kwenye ile kompyuta ya mtumba, mtandao uliporudi zikaondoka moja baada ya nyingine. Nilizihesabu zote, hakuna iliyopotea.

Bibi alirudi kliniki miezi michache baadaye, safari hii na kikapu cha ming'oko. Picha yake halisi ya 2023 ilikuwa bado imelala kwenye kompyuta ya kisomeo, haijaguswa. Nikairekebisha namba yake, nikaituma pamoja na mpya. Bingwa alizifungua pembeni kwa pembeni, chini ya jina moja, na jioni ileile majibu yakarudi: kivuli kimepungua, aendelee na dawa, hana haja ya kusafiri. Nilimsomea mwenyewe. Akaniuliza, "Kwa hiyo leo kimesema?" Nikamwambia kimesema, bibi.