Ikwalaiza yenye kumbukumbu kwenye gitaa la besi

Kwa muda mrefu nilibeba magitaa mawili ya besi kila tulipokwenda kupiga, moja la nyuzi nne lisilotumia betri na jingine la nyuzi tano lenye betri na sauti kali zaidi, na kila nilipobadilisha ilinilazimu kuinamia amplifaya huku mpiga dramu akinikodolea macho. Ikwalaiza ya kukanyaga yenye kumbukumbu nne, yaani kifaa cha vitelezi vya kuongeza au kupunguza sauti nzito, za kati na nyembamba, imeniondolea adha hiyo, kwa kuwa kila gitaa sasa lina mpangilio wake, kiwango cha sauti kikiwemo.

Somo kubwa nililipata kwenye uzi wa tano. Uzi wa E hutoa takriban hezi 41 (mitetemo kwa sekunde), lakini B, ambao ndio huo wa tano, hushuka hadi hezi 31, kiwango ambacho spika nyingi ndogo haziwezi kukitoa sawasawa. Nilikuwa nikiongeza besi na kuambulia mvumo mtupu. Siku nilipopunguza kitelezi cha chini kabisa kwa desibeli 4 na kupandisha kidogo kile cha hezi 500, noti ilisikika waziwazi, kwa sababu sikio huitambua noti nzito hata kwa mawimbi yake ya juu.

Ikwalaiza nimeiweka baada ya kompresa, kifaa kinachobana sauti inapozidi. Ikwalaiza ikitangulia, besi niliyoongeza huifanya kompresa ibane sauti yote. Mpangilio wa tatu hupunguza hezi 125 kwa ajili ya kumbi zinazovuma. Wa nne bado mtupu, na sioni haraka ya kuujaza.